Fundi Ana Mke

Saa tatu asubuhi lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa mbili. Ndani alikuwamo mfamasia: koti jeupe, viatu vyekundu. Fundi lifti alimtoa kwa kumshika viwiko.

"Unatetemeka kwa lifti tu? Wewe filamu ya kutisha huiwezi."

"Nani kakwambia?"

Mapenzi yakaanzia hapo. Fundi alikuwa na filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, isiyotajwa na mtu: fundi saa anaposa binti katika nyumba ambayo kuta zake zinapumua.

"Haina damu hata tone, ndiyo maana waliidharau. Itazame, mpenzi."

Kila simu iliishia hapo. Jioni moja, kwa kuchoka kuulizwa, mfamasia alimwandikia: "Nimeitazama yote." Hakuwa ameigusa.

Jibu la fundi liliingia papo hapo: "Basi sasa unajua. Fundi ana mke. Pole, najua inauma."

Jumamosi fundi alikuwa aje kujitambulisha kwa mama. Mfamasia alimpigia.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo! Dalili zilikuwepo, wewe tu hukuziona."

"Na huyo mke yuko wapi?"

"Nyumbani. Muda wote yumo mle mle ndani."

"Na unacheka?"

"Si ndiyo utamu wake?"

Alikata simu, akaifungia namba yake. Kesho yake fundi alipanga foleni dirishani kwa mfamasia. Alipofika mbele, mfamasia alitazama juu ya bega lake: "Anayefuata!"

Ijumaa aliifungua ile filamu aliyotumiwa, apate kumchukia vizuri. Karibu na mwisho ukuta ulipasuka, akatoka mwanamke mwenye pete. Mfamasia alipiga yowe. Mama alikuja mbio na mwiko.

"Kuna nini?"

"Mama, fundi ana mke!"

"Ana nini?"

"Si wangu. Huyu!"

Akaitazama mpaka mwisho, kisha akampigia fundi wake. "Nilikudanganya. Sikuwa nimeitazama."

"Kwa hiyo ulidhani ni mimi," fundi alisema. "Ukaniona mtu wa namna hiyo."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Imeishaje?"

"Mlango uko wazi, binti hatoki."

"Sawa," alisema, akakata.

Jumamosi saa nne mlango ulibishwa. Mama alifungua, akamkagua mgeni kuanzia kola iliyopigwa pasi mpaka viatu.

"Wewe ndiye fundi mwenye mke?"

"Bado, mama. Ndilo lililonileta."

Mama akasogea, akampisha.