Mwanamke wa Jumamosi

Kwenye foleni ya nyama ya kichwa cha ng'ombe, Jumapili asubuhi upande wa magharibi wa San Antonio, mtu hampishi hata mama mkwe. Marisela Treviño alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana alimkazia macho yule mwanamume mrefu aliyetoka mbele yake, akaenda kuketi ukingoni mwa barabara, kisha akamwomba amshikie nafasi. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe.

"Foleni ni ya waliosimama, bwana."

"Basi nisimamie, bibie. Nitakulipa kwa dansi."

"Nani kakwambia nacheza?"

"Hivyo viatu vyako vyekundu."

Marisela alicheka bila kupenda. Alikuwa amepita hamsini, ana talaka moja, saluni ya viti vitatu, na kiapo cha kutodanganywa tena na mwanamume yeyote. Jumamosi iliyofuata walikuwa ukumbini, kodiani ikilia, na Rogelio Cantú, fundi wa viyoyozi aliyepigana vita vya Ghuba ujanani mwake, akamzungusha mpaka gauni likafumuka mshono. Mapenzi yakakolea. Ikawa kila Jumamosi.

Ila Jumamosi tu. Jumapili jioni simu ya Rogelio ilikuwa imezimwa. Jumatatu haikupokelewa. Akiipokea Alhamisi, sauti yake ilitoka chini ya mablanketi, na Marisela alitega sikio kusikia kama chini ya blanketi hilo kuna mtu wa pili. Akiulizwa, Rogelio husema ni kazi. Lakini saluni ndiyo redio ya mtaa, na redio ilitangaza kwamba kazi ya viyoyozi ilimshinda tangu majira ya kuchipua. Kisha mteja mmoja, huku kichwa chake kiko mikononi mwa Marisela, akasema amemwona Rogelio kwenye gari la Odessa Pruitt, yule mama anayewasaidia wanajeshi wa zamani, kamlalia begani. Nywele za mteja ziliungua siku hiyo.

Jioni Marisela alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Odessa ni nani?"

"Nani kakutajia Odessa?"

"Kumbe yupo."

"Tulikuwa naye jeshini, mpenzi. Ananisaidia madai yangu ya fidia ya ulemavu."

"Ulemavu gani, na wewe unacheza mpaka ukumbi unafungwa?"

"Mambo madogo tu. Niko sawa."

Marisela alikata simu. Usingizi haukuja. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kila akimeza unachoma.

Jumanne mchana alifunga saluni, akavaa gauni la kijani linalobana kiuno, akapaka rangi ya midomo na kupanda viatu virefu. Mwanamke haendi vitani na kandambili. Mlango wa Rogelio ulifunguliwa na mama mnene mwenye mvi, miguu mitupu, ufunguo wa nyumba ukining'inia shingoni na upawa wa supu mkononi. Alimpandisha Marisela kwa macho na kumshusha.

"Wewe ndiye wa Jumamosi," Odessa alisema.

"Na wewe wa siku gani?"

"Zile anazokuwa hoi. Pita ndani, dada."

Chumbani mapazia yalikuwa yamefungwa. Rogelio alikuwa ameketi kitandani, ndevu hazijanyolewa, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Alipomwona Marisela alilirukia shati lake, akajaribu kusimama, magoti yakamwangusha. Odessa alimdaka kwapani bila hata kuweka upawa chini. Marisela aliutazama mkono ule uliozoea, na ukamuuma kuliko kama angewakuta wakibusiana.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Odessa alieleza kwamba Rogelio ana ugonjwa wa uchovu sugu tangu alipotoka vitani. Kulala hakumponyi, na akijikaza siku moja hulipia wiki nzima kitandani. Wenye ugonjwa huo hulipwa fidia, lakini yeye alikataliwa kwa ujinga wake mwenyewe. Siku ya kupimwa alikuwa amejilaza siku kadhaa kukusanya nguvu, akanyoa, akapiga pasi shati, akasimama wima mbele ya daktari, na alipoulizwa anaendeleaje, akajibu kama walivyofundishwa kambini: niko sawa. Daktari akaandika alichokiona: mtu mzima, mwenye afya. Sasa kulikuwa na kipimo kingine. Akikosa tena, kodi ya nyumba itamshinda na atahamia kwa kaka yake huko Lubbock.

"Ndivyo tulivyo sote," Odessa alisema. "Tunajipamba kwenda kuthibitisha ugonjwa."

Marisela alimgeukia Rogelio. "Kwa hiyo na mimi nilikuwa daktari. Na mimi ulinipigia pasi."

"Nilitaka unione mwanamume, Marisela."

"Na huyu je? Ungelala naye ningekuchukia, nikapona. Lakini umempa yeye siku zako mbaya zote, mimi ukaniachia dansi. Namwonea wivu, Rogelio. Namwonea wivu mpaka huo upawa."

"Uchukue basi," Odessa alisema. "Mgongo wangu umechoka." Akauvua na ufunguo.

Marisela alivipokea vyote bila kusema asante, maana wivu haufi haraka hivyo. Akavua viatu virefu, akachemsha maji, akamwosha Rogelio nywele kwenye beseni pale pale kitandani. Rogelio alilia kwa aibu. Alimwacha alie, akaendelea kuosha.

Siku ya kipimo Rogelio aliamka akitafuta wembe. Marisela alikuwa ameuficha, pamoja na pasi. Waligombana njia nzima. Kwenye benchi la kungojea Odessa alikuja kuwatakia heri, na Marisela akahakikisha ameketi katikati yao.

Daktari alikuwa binti mpole mwenye miwani. Alimtazama Marisela, akamuuliza Rogelio ni nani wake.

Rogelio alinyoosha mgongo, kidevu juu. "Mke wangu, daktari. Akikubali."

Neno hilo Marisela alikuwa amelingoja Jumamosi baada ya Jumamosi. Lakini aliutazama ule mgongo ulionyooka, akajua anayeongea ni yule Rogelio wa Jumamosi.

"Mjibu daktari kwanza," alisema.

"Unaendeleaje, Bwana Cantú?" daktari aliuliza.

Midomo ya Rogelio ilianza kulitengeneza lile jibu la kambini. Kisha mabega yakashuka.

"Vibaya," alisema. "Leo nimeshindwa kunyanyua kikombe. Jana siikumbuki."

Akaeleza yote, polepole, akipumzika kati ya sentensi. Akaeleza hata jinsi anavyolala wiki nzima apate kucheza na mwanamke mmoja Jumamosi, na jinsi anavyotambaa akirudi. Daktari aliandika. Alipomaliza, Rogelio alikuwa ameegemea meza, shati limekunjamana, uso umesawijika, hana tena cha kuficha.

Marisela alivuta kiti chake kutoka kwenye kona, akakiweka ubavuni mwake.

"Sasa nimekubali," alimwambia.