Mashine ya Nettie Rennie

Haya alinisimulia Beenie Cargill, shangazi wa mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa muuza samaki.

Jumatatu ile ya mwaka 1909 ilianza vizuri tu. Wanawake wa mji wetu wa Kinvarrie walikunywa uji wao, wakajifunika shali, wakaingia kiwandani kufuma kitani. Mle ndani mashine zilinguruma hata ukipiga kelele husikiki. Kwa hiyo waliongea kwa midomo bila sauti, wakasengenyana kutoka ukuta hadi ukuta.

Saa tatu Nettie Rennie, mwenye nywele nyekundu na pengo la meno mawili mbele, alikuwa amepiga magoti chini ya mashine yake, akifagia vumbi. Nyapara, Wattie Geddes, alimwona kabisa. Akarudisha mkanda unaoiendesha mashine kwenye gurudumu hivyo hivyo, eti anacheleweshewa kazi. Mkanda ulimnasa Nettie nywele, ukamng'oa ngozi ya kichwa kuanzia nyusi hadi kisogo. Damu iliwarukia wenzake. Alikufa macho wazi, midomo ikichezacheza.

Kwetu mashine ya marehemu haiguswi mpaka azikwe, na kitambaa alichokianza hukatwa. Wattie aliifuta damu kwa gunia. Kesho yake akampeleka Beenie kufuma pale kabla injini haijawashwa.

"Nettie hajazikwa, bwana," Beenie alinong'ona.

"Kwani atakuja kukusukuma? Fuma, mrembo. Ama wewe na mama yako mhame nyumba ya kiwanda leo leo."

Mama yake alikuwa kitandani akikohoa damu, na nje theluji ilikuwa magotini. Beenie akafuma.

Saa nne uzi ukakatika. Akakichukua kile kibao kilichochongoka kinachobeba uzi kushoto na kulia, akaweka mdomo kwenye tundu lake, akauvuta uzi kwa pumzi kama wafumaji wote walivyofanya. Kilichoingia mdomoni hakikuwa uzi. Ulikuwa unywele mwekundu, wenye ladha ya damu. Akauvuta kwa vidole. Haukuisha. Ukateleza kooni, ukashuka wenyewe.

Akainua macho. Nettie alikuwa amesimama ng'ambo ya mashine, fuvu likiwa wazi. Midomo yake ikasema, "Mwite."

Beenie alijua. Hilo hakunificha. Alijua akimwita Wattie, Wattie atakufa. Akamfikiria mama yake kwenye theluji. Akamtazama Wattie akicheka na karani. Akamwita.

Wattie akaja. Akainama kuchungulia. Mkanda ukachomoka. Ukamzunguka shingo mara mbili. Ukampandisha. Ukampigiza kwenye boriti. Tena. Tena. Kichwa ndicho kilichotangulia kuanguka.

Injini ilipozimwa, Beenie aliangua kilio. "Nimemuua! Mimi ndiye niliyemwita!"

Teenie Lorimer, wa mashine ya jirani, alimshika mabega. "Hukumwita wewe, shoga. Sote tulikuwa tunakuangalia. Midomo yako ilisema, 'Wattie, njoo unichane nywele.' Na ilisema kama Nettie, na lile pengo lake la mbele."

"Mimi sina pengo," Beenie alisema, akapitisha ulimi.

Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Hapakuwa na damu wala kidonda. Ufizi ulikuwa umejifunga, mgumu, kama wa mtu aliyeng'olewa meno miaka mingi iliyopita. Asubuhi ile ile alikuwa ameng'ata mkate mkavu kwa meno hayo.