Kitanda cha Mama na Mashine ya Kinyozi

Kila jioni kinyozi alifunga kibanda chake, akakung'uta nywele za watu kwenye shati lake, akaja nyumbani kuchezea mbao. Alitengeneza vigoda, rafu na masanduku. Mkewe, fundi cherehani, alikuta maranda kila mahali, hata ndani ya soksi. Hakulalamika sana. Msumeno wa mkono haukuwahi kumkosesha usingizi.

Safari hii kazi ilikuwa kubwa. Mama mzazi wa kinyozi alikuwa anakuja kuishi nao. Mama alikuwa amezeeka, na ngozi ya mikono yake ilikuwa nyembamba. Ikiguswa kidogo tu, inachanika. Mara ya mwisho aliparuzwa na ukingo wa kitanda, na kidonda kikachukua muda mrefu kupona. Kwa hiyo mwanawe aliamua kumtengenezea kitanda kipya. Mbao zilikuwa tayari, lakini kingo zake zilikuwa kali.

"Si upige msasa tu?" mkewe alimwuliza.

"Msasa pekee utaniachia mawimbi. Nataka kingo za mviringo, sawasawa kote. Nahitaji ruta."

Ruta ni mashine ya umeme ya kushika mkononi. Ina kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi sana na kuchonga ukingo wa ubao. Mwuza vifaa, ambaye hunyolewa na kinyozi huyo, alimpa moja aijaribu.

"Chukua hii kubwa, ina nguvu," alimwambia. "Usipoipenda, irudishe."

Kinyozi aliileta nyumbani ameikumbatia kwa mikono miwili. Mkewe aliiangalia mashine, kisha akamwangalia yeye.

"Hiyo ni ya kitanda au ya kubomoa nyumba?"

"Nguvu ndiyo kazi, mke wangu. Usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi ungekuwa unaondoka kwa kuambiwa, dunia ingekuwa na raha. Mke alikaa kwenye cherehani yake, mguu juu ya kanyagio, asishone hata mshono mmoja. Aliwaza vidole vya mumewe. Vidole hivyo ndivyo vilivyolisha nyumba. Kinyozi aliyekatika kidole, nani atampa kichwa chake?

Barazani mashine ikaanza kunguruma. Ghafla mlio ukabadilika, ukawa wa kukwaruza. Kitu kikaanguka kwa kishindo.

Mke alitoka mbio bila viatu. Mumewe alikuwa amesimama, amenywea. Mashine ilikuwa sakafuni, imezimwa, lakini kisu kilikuwa bado hakijamaliza kuzunguka. Ubao ulikuwa umemeguka pembeni.

"Nionyeshe vidole," alisema.

Kinyozi alivinyoosha. Vyote vilikuwepo. Mkewe alivishika kwa muda, akaviachia. Kisha alichomoa waya mrefu uliounganisha mashine na umeme wa ndani, akaingia nao, akaufukia kwenye ndoo ya unga.

"Mama anakuja Jumamosi," kinyozi alisema kutoka mlangoni. "Atalala wapi?"

"Atalala kitandani kwetu. Sisi tutalala chini."

Usiku ule walilala kila mtu na mawazo yake.

Kesho yake mke alikwenda kwa jirani yao Bi Randa. Mwanamke huyu alikuwa na karakana ya samani, na jina hilo alipewa kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Mke alimweleza yote. Kwa kweli alitaka kusikia neno moja tu, kwamba ruta si kazi ya vinyozi. Bi Randa hakulisema. Jioni alikuja, akaiangalia mashine, akaupapasa ubao uliomeguka.

"Mashine hii si mbaya," alisema, "ila ni ya kuchimba ndani na kuchonga mbao nene. Mimi mwenyewe nikiitumia nashika kiuno kwa uzito wake. Jirani, ukinunua mashine ya kunyolea, unachagua iliyo kubwa kuliko zote?"

"Hapana," kinyozi alijibu. "Nzito inachosha mkono. Mkono ukichoka, unamkata mteja. Nachukua inayotulia mkononi." Akaitazama ruta. "Kumbe na hii ni vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo. Kwa kingo za kitanda, ndogo inakutosha. Na jana uliisukuma kuelekea wapi?"

"Ilikokuwa inanivuta. Niliifuata polepole."

"Hapo ndipo ulipokosea. Ukikifuata kisu kinakozungukia, kinakimbia na wewe. Sukuma kinyume chake. Ubao ukiwa mbele yako, na unachonga ukingo ulio upande wako, toka kushoto kwenda kulia. Mashine itakuwa inakukataa kidogo. Hiyo ndiyo salama yako."

Asubuhi kinyozi na Bi Randa walirudisha mashine kubwa dukani. Mke naye alikwenda, ingawa hakuna aliyemwalika. Bi Randa alimwambia kinyozi ashike kila ruta ndogo iliyokuwapo, aone kama kidole kinafika kwenye swichi bila mkono kuhama. Yeye mwenyewe aliiweka moja mezani, ikayumba. Akaikataa. Sahani ya chini ya mashine lazima ilale sawasawa, alisema, la sivyo na kazi itakwenda upande. Aliangalia pia kama kina cha kisu kikifungwa kinakaa au kinateleza.

"Kasi yake inapunguzwa?" mke aliuliza. "Na inaanzaje? Cherehani ikianza kwa kuruka, sindano inavunjika."

Bi Randa alimtazama, akacheka. "Jirani, ungekuja kwangu zamani. Chukueni hii. Inaanza taratibu, na kasi inapunguzwa hapa."

Wakachagua pia kisu cha kuviringa kingo, chenye kigurudumu kidogo mwishoni. Kigurudumu hutambaa kwenye ukingo wa ubao, na kisu hakizami kupita kiasi.

Nyumbani, Bi Randa alidai waya. Kinyozi alimtazama mkewe. Mkewe alijitia hamnazo kidogo, halafu akaenda kuutoa, mweupe kama umefanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Lakini hakuuachia.

"Kwanza kisu," alisema. "Kifungwe kabla ya umeme."

"Naam," Bi Randa alisema. "Kila unapobadilisha kisu, plagi iwe nje. Ubao ubanwe kwa vibano, usishikwe kwa mkono. Vaa miwani ya kukinga macho, ziba pua na masikio. Usichonge yote kwa mara moja. Chonga kidogo, ongeza kina, rudia. Na usiiweke chini hadi kisu kitulie kabisa."

Kinyozi alijaribu kwenye kipande kibovu, tena na tena. Mke alisimama karibu, roho mkononi. Mlio haukubadilika. Mwisho waligeukia kitanda. Ubao uliomeguka waliulainisha kwa msasa penye pengo, wakauweka upande wa ukutani.

Jumamosi mama alifika. Alipitisha mkono wake mwembamba kwenye ukingo wa kitanda, taratibu, kutoka kichwani hadi miguuni. Haukumparuza popote. Akaingiza mkono upande wa ukutani, ukagota kwenye pengo.

"Na hapa pana nini?"

"Hapo nilikuwa sijajua, mama."

Mama aliuvuta mkono wa mwanawe, akaanza kupapasa vidole, kimoja baada ya kingine.

"Vyote vipo, mama," mkwewe alisema. "Mimi navihesabu kila jioni."