Hati Iliyotakiwa Wino Mwekundu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, tarehe 8 Oktoba 1956, Uweso, karani wa mahakama mjini Tanga, alifungua jalada la Laurenti akakuta hati ya madai haimo.

Laurenti, mkata mkonge, alifukuzwa kazi akiwa amelazwa hospitalini. Kadi yake iliandikwa "mtoro", na kwa neno hilo hakuna shamba lililompokea, kutoka Muheza hadi Pangani. Alikuja mahakamani neno hilo liondolewe. Lakini hati yake ilimshtaki meneja badala ya kampuni. Hakimu aliruhusu irekebishwe kabla ya saa nne leo: jina la zamani likatwe kwa mstari mmoja wa wino mwekundu, lakini lisomeke bado, na jipya liandikwe juu yake kwa wino uleule. Muda wa kufungua shauri jipya ulikuwa umekwisha wiki iliyopita.

Uweso hakumwambia mtu. Alikuwa anapekua kabati alipoingia Mzee Eliudi, mwandishi wa hati wa pale barazani, aliyemwandikia Laurenti hati ile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeleta hati ya Laurenti, safi, jina la kampuni limo. Itashika nafasi ya ile iliyopotea."

Uweso aliipokea akaiweka mezani. Akili yake ilikuwa kwa mtu mwingine. Daftari lilionyesha kwamba Jumamosi jalada lilisomwa na watu wawili: saa tatu Sadalla, karani wa kampuni, saa nne Eliudi. Akamwita Sadalla, aliyekwishafika kusikiliza shauri.

"Jumamosi ulitoka humu na nini?"

"Na njaa."

"Sicheki, Sadalla. Hati ya madai haionekani."

"Ukaona mtu wa kampuni, ukamshika. Cheti cha hospitali kimo?"

"Kimo."

"Hicho ndicho kinachotuumbua. Niache hicho, nibebe karatasi iliyokosewa jina? Kosa lile lilitufaa sisi."

"Nakala yenu iko wapi?"

"Kwa wakili, Dar es Salaam. Haifiki leo."

Uweso alibaki peke yake, akaitazama ile hati safi. Karatasi iliyopotea ilimwaibisha mtu mmoja tu. Saa tatu na nusu alimwita Eliudi, akafunga mlango.

"Mwalimu, nani alikwambia hati imepotea?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuamkia tu."

Eliudi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Iko wapi?"

"Nimeiwashia moto wa chai."

"Kwa nini?"

"Miaka ishirini na mbili barazani, karatasi yangu haijapata kurudishwa. Leo kosa langu lisomwe chini ya mstari mwekundu, vijana wa barazani wapate la kuchekea? Nilidhani ukipata safi utaigonga muhuri, basi."

"Muhuri wa leo, mwalimu. Ile ilikuwa na muhuri wa Juni. Bila ile, hii ni shauri jipya, na muda umepita."

Eliudi aliirudisha miwani machoni. "Nilifikiria jina langu tu," alisema. "La Laurenti sikulifikiria."

Saa nne alikiri mbele ya hakimu, amesimama wima. Hakimu alimnyang'anya kibali cha kuandika, kisha akalifuta shauri. Alisema anasikitika, lakini alilifuta. Uweso aliandika "limefutwa" kwenye jalada, kwa mwandiko aliofundishwa na Eliudi.

Barazani Eliudi alimweleza Laurenti yote, hata habari ya wino. Laurenti alikuwa ameishika kadi yake.

"Mzee wangu," alisema, "mimi sijui kusoma. Ungeijaza karatasi nzima wino mwekundu, ningedhani umenipambia."