Dada Usalama Hajatua Mtungi

Haya sikuyaokota barabarani. Yalimpata shemeji yangu mwenyewe, mume wa marehemu dada yangu, na sebule yalikotokea nimeikalia sana na chai nimeinywea humo. Anayetaka kubisha abishe, mdomo ni wake.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine tu. Fundi, maana ndivyo sote tulivyomwita, aliamka, akaoga, akaita kutoka bafuni aletewe taulo. Kisha akakumbuka hakuna wa kumletea, akatoka mwenyewe maji yakimchuruzika. Akavaa, akakaa mbele ya kompyuta pale sebuleni, akafungua kazi ya kiwanda cha sabuni.

Alikuwa anatengeneza masomo ya kompyuta, yale ambayo unafungua ukurasa unakuta maandishi, picha, na katikati kidirisha cha video kinachokuonyesha jambo. Kiwanda kilitaka somo la usalama liwekwe kwenye skrini ya ukutani, pale wafanyakazi wanapoingilia. Video walikuwa nayo tangu zamani, na anayefundisha ndani yake ni dada yangu. Siku ya kurekodi Fundi alikosa mtangazaji, basi akamsimamisha mkewe mbele ya ukuta mweupe, akamkabidhi mtungi wa kuzimia moto, akamwambia ongea. Weee! Dada yangu yule na kuongea? Kiwandani walimpenda mpaka wakambatiza Dada Usalama, na hata wakikutana naye sokoni walimwita hivyo hivyo.

Sasa Dada Usalama alikuwa kaburini tangu mvua zilizopita. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba ilibaki na Fundi, na friji inayonguruma.

Nyapara wa kiwanda alikuwa amemwelekeza kwenye simu. "Fundi, hivyo vitufe vya kusimamishia viondoe kabisa. Hawa watu wangu wanabonyezabonyeza, wanaruka somo. Video ianze yenyewe, ijirudie yenyewe, mpaka wachoke wao."

Kwa anayeijua kazi, hilo si jambo la kutolea jasho. Fundi akabofya kidirisha, akafungua mipangilio yake. Ianze yenyewe, akakubali. Ijirudie, akakubali. Vitufe akavificha. Ikabaki kuunga mwisho na mwanzo ili video ikizunguka isishtuke, na hapo ndipo alipokwama. Maana mwishoni kabisa dada yangu anautua mtungi chini, anakung'uta viganja, anacheka na kusema, "Haya, tumemaliza."

Fundi aliyasikia maneno yale mara moja. Mara ya pili hakuweza. Akakikata kipande hicho.

Alichukua pale dada ameinua mtungi akimalizia maelezo, akapaunga na pale mwanzoni alipouinua vilevile. Kiungo hakikuonekana hata kwa dawa. Mafundi wenzake wangempigia makofi. Somo likaenda kiwandani, na nakala nyingine akaiacha icheze nyumbani, mchana kutwa. Alijiambia anaijaribu. Anajaribu nini siku zote hizo? Mtu alikuwa mpweke, basi. Alipika akimsikiliza, akafua akimsikiliza, na mara nyingine alimjibu.

Haukupita muda, nyapara akapiga.

"Fundi, umerekodi upya?"

"Nirekodi vipi, na mwenyewe hayupo?"

"Basi mbona anatoka jasho?"

Fundi akacheka. Akamweleza kwamba video ikibanwa sana ili iwe nyepesi huharibika rangi, watu wakaona madoa yasiyokuwepo. Nyapara akaridhika, au alijifanya. Fundi alipokata simu akageukia skrini yake. Blauzi ya dada ilikuwa imelowa makwapani. Mkono uliobeba mtungi ulikuwa ukitetemeka, kidogo tu, kama wa mtu aliyesimama foleni na ndoo imejaa. Fundi akajitia hamnazo, akaenda kuosha vyombo.

Simu ya pili nyapara alinong'ona.

"Amebadilisha mkono."

"Nani?"

"Dada. Asubuhi alishika mtungi kwa kulia. Sasa hivi ni kushoto. Njoo, Fundi. Watu wamekataa kupita mlango huu."

Alikwenda. Jua la mchana, jua kali la kukausha nguo. Wafanyakazi walikuwa wakipita nyuma, kwenye geti la malori, na waliomwona walimwamkia wakiangalia chini. Kwenye mlango wa mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na skrini, na dada yangu ndani yake akifundisha ukumbi mtupu.

"Vuta pini," alikuwa akisema. "Elekeza mpira chini ya moto, usielekeze kwenye ndimi zake."

Sauti ilikuwa imekwaruza. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso. Fundi alisogea karibu. Dada akaendelea. Vuta pini. Elekeza mpira. Halafu macho yake yakahama. Yaliacha kutazama mbele, yakashuka, yakatafuta. Yakampata Fundi.

Mdomo ukasimama. Sauti haikusimama. Ilikuwa bado inafundisha, na midomo ile ikaanza kusema jambo lake lingine, polepole.

"Bwana Fundi," midomo ilisema. Ndivyo alivyomwita akimtania nyumbani. "Mkono."

Akatafuta pa kubonyeza asimamishe, hapakuwa na kitufe. Vitufe alivificha mwenyewe. Akapapasa nyuma ya skrini, akang'oa waya kwenye umeme. Skrini ikawa nyeusi. Sauti iliendelea mpaka ikamaliza sentensi, ndipo ikanyamaza.

Jioni hiyo hiyo alimrekodi nyapara na mtungi wake, akabadilisha faili kwenye kidirisha, na huko kiwandani yakaisha. Yangeweza kuisha kabisa. Lakini nyumbani? Nyumbani hakuzima! Aliponieleza sehemu hii nilitaka kumzaba kibao, shemeji au si shemeji. Unamwona mkeo anataabika na wewe umemkalia kimya?

"Shemeji," aliniambia, "ningezima ningebaki na nani?"

Mimi nina watoto wanne na mume anayekoroma, ningejua nini kuhusu nyumba isiyo na sauti?

Basi akaendelea kukaa naye. Dada akawa anachoka mbele ya macho yake. Mtungi uliokuwa usawa wa kifua ukashuka kiunoni. Vidole vikavimba. Mara akawa amepiga goti, na bado anafundisha, maneno yakitoka kwa shida kama ya mtu anayepanda ngazi na mzigo. Fundi akashindwa kuisikia sauti ile, akang'oa spika. Akaendelea kutazama.

Alasiri moja, jirani akitwanga nyama jikoni kwake na watoto wakicheza mpira nje, dada aliacha kufundisha. Aliacha kabisa. Alimtazama mumewe tu. Halafu akaanza kuinama.

Aliinama haraka, kama anayewahi kitu, mtungi ukielekea sakafuni. Midomo ikaanza kutamka: Haya. Hapo akafika mahali Fundi alipokata. Video ikarudi mwanzo. Dada akanyanyuka wima ghafla, kama aliyevutwa nywele, mtungi juu.

Akainama tena. Haraka zaidi. Haya. Akavutwa.

Tena.

Tena.

Alikuwa analia. Fundi hajawahi kuniambia alitazama mara ngapi, na mimi sijamuuliza. Alichoniambia ni kwamba alielewa. Akimwachia, sauti ile haitarudi tena, wala uso ule, na yeye atazeeka na friji. Asipomwachia, huyu mtu aliyempenda atavutwa nywele milele kwa sababu ya mume wake. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mpaka jirani akaacha kutwanga. Kisha akapiga moyo konde, akavuta kiti.

Alikirudisha kile kipande alichokikata. Akafungua mipangilio ya kidirisha. Isijirudie. Na ikifika mwisho ifanye nini? Akachagua ibaki kwenye picha ya mwisho, kwa sababu kwenye picha ya mwisho dada anacheka. Angalau abaki na kicheko. Akaanzisha.

Dada alifundisha kwa mara ya mwisho, mdomo ukienda bila sauti. Akafika pale. Fundi akashika ukingo wa meza. Dada akapita. Hakuvutwa. Akainama taratibu, taratibu sana, akautua mtungi nje ya picha, chini.

Kishindo kilitokea nyuma ya Fundi.

Chuma kwenye saruji, ndani ya sebule. Spika zilikuwa kabatini. Akasikia mtu akipumua, pumzi ndefu ya aliyetua mzigo. Karibu. Karibu na sikio.

"Haya," ile sauti iliyokwaruza ilinong'ona. "Tumemaliza."

Hakugeuka. Anasema alitaka kugeuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na shingo ikakataa. Alibaki anatazama kidirisha. Ndani yake dada alikung'uta viganja. Hakucheka. Alitembea, akapita ukingo wa picha upande wa kushoto, akatoka. Siku ya kurekodi hakutoka. Alisimama akicheka mpaka mumewe alipozima kamera, na mimi nilikuwepo, nimeshika taa.

Picha ya mwisho ikabaki kwenye kidirisha kama alivyoipanga. Ukuta mweupe.

Fundi akafungua video ya asili. Ukuta mweupe, tangu mwanzo hadi mwisho. Akafungua nakala alizohifadhi pembeni. Ukuta. Akanipigia simu akihema, akaniomba niangalie ile aliyowahi kunitumia, na mimi nikafungua nikiwa nasonya, nikidhani uchungu umempanda kichwani. Ulikuwa ukuta, na upepo mdogo kwenye maikrofoni. Nikakaa chini hapo hapo nilipokuwa. Nilimlilia dada yangu upya siku ile, kuliko hata tulipomzika.

Nilikwenda kwake kesho yake. Kompyuta ameifunika kitambaa. Nyuma ya kiti chake, sakafuni, palikuwa na alama ya duara iliyodidimia kwenye saruji, upana wa kitako cha mtungi wa kuzimia moto. Katika nyumba ile hapajawahi kuingia mtungi wa namna hiyo. Walirekodia kwangu, kwenye ukuta wangu. Tulimwita mwashi akaiziba akailainisha vizuri. Saruji ilipokauka alama ilikuwa palepale. Akaiziba tena, akatuambia sakafu inatitia, akaondoka na hakupokea simu zetu tena.

Nimeigusa mimi kwa kiganja changu hiki. Sakafu yote ni baridi, pale pana joto.

Nimemwambia Fundi ahame. Kila nikimwambia anakubali, anasema atatafuta nyumba. Halafu nikienda namkuta amekaa sebuleni, kiatu kimoja amekivua, mguu mtupu ameuweka juu ya ile alama.