Nyumba ya Madoa na Ndoo Kumi na Tano za Mchanga

"Elfu kumi na mbili!" alisema Tumpe. "Elfu kumi na mbili, baba mdogo, na ukuta umelala!"

"Haujalala," alisema Fundi Ambakisye. "Umepumzika."

Kweli ulikuwa umepumzika. Ulikuwa umepumzika kwenye matope, tofali moja huku, tofali moja kule. Juu yake alisimama kuku.

Ko ko ko kooo!

Kuku huyo anaitwa Madoa. Ukuta huo ulikuwa wa nyumba yake. Tumpe ana miaka saba, na Madoa ni kuku wake mwenyewe.

Madoa alitaga mayai. Tumpe akauza mayai. Akauza na akauza, mpaka akafikisha elfu kumi na mbili. Zote akampa baba mdogo anunue saruji, ndoo tatu ndogo, kila ndoo elfu nne.

Kuku alilipia nyumba yake kabla hajaiona. Watu wazima wangapi wanaweza hivyo?

Tena nyumba ilitakiwa haraka. Mama yake Tumpe alikuwa ameshasema.

"Huyu kuku halali tena jikoni kwangu. Ikifika Jumamosi jioni hana nyumba, Jumapili nampeleka sokoni."

Na mama huyu akisema, amesema. Leo ilikuwa Jumatano.

Fundi Ambakisye ni mdogo wake baba. Ni fundi mkubwa sana. Nani kasema? Yeye mwenyewe.

Ana mwiko wa kujengea. Ana kofia. Ana penseli nyuma ya sikio. Penseli hiyo haijaandika kitu tangu inunuliwe, lakini inampendeza.

"Fundi hakosei!" alisema Fundi Ambakisye. "Ni mvua tu hii."

Huku Rungwe, mvua haiji kutembea. Mvua inaishi hapahapa. Kila mtu anaijua, hata vyura. Fundi peke yake ndiye iliyemshangaza.

Tumpe alichuchumaa. Akachungulia chini ya matofali. Akaona udongo mtupu.

"Samahani, baba mdogo," alisema. "Mimi ni mtoto tu, sijui kitu. Mawe ya msingi yako wapi?"

"Mawe ya nini? Kuku ana kilo ngapi?"

"Mawe hayabebi kuku. Mawe yanabeba ukuta. Maji yakipita chini, udongo unakuwa uji. Jiwe haliwi uji."

Ko! alisema Madoa.

"Fundi hakosei!" alisema Fundi Ambakisye, ila safari hii kwa sauti ndogo kidogo.

Tumpe akaokota tofali. Lilikuwa tofali zuri, jekundu, la kuchoma. Mama yake ndiye aliyelifyatua na kulichoma, maana kazi yake ni matofali na saruji. Tofali halikuwa na kosa lolote.

Lakini ule udongo wa kijivu uliolishika! Tumpe aliugusa kwa kidole.

Sssss. Ukamwagika wote kama chumvi.

"Samahani, baba mdogo. Mimi ni mtoto tu, sijui kitu. Uliweka mchanga ndoo ngapi?"

"Kumi na tano," alisema fundi. Alijivuna kabisa. Mtu anabeba ndoo kumi na tano, si mchezo.

"Na saruji?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ndiyo ngapi?"

Fundi akaitoa penseli sikioni. Akaitazama. Penseli haikumsaidia.

"Moja," alisema.

"Moja!" alisema Tumpe. "Mchanga haushiki kitu, baba mdogo. Unajaza tu. Inayoshika ni saruji. Saruji ndoo moja, mchanga ndoo nne. Mama anachanganya hivyo kila siku, mbele ya macho yako."

Ko! alisema Madoa.

"Halafu hukufunika," alisema Tumpe. "Ukuta mbichi unafunikwa na majani ya mgomba. Migomba imejaa hapa, hata mbuzi wameichoka. Kesho yake unamwagiwa maji taratibu, ukomae, usipasuke."

"Ndiyo maana nikauacha wazi!" alisema fundi. "Mvua iumwagilie. Mvua si maji?"

Mvua iliumwagilia, ndiyo. Iliumwagilia usiku kucha, kwa moyo wote.

Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa! Poroooo!

"Baba mdogo," alisema Tumpe. "Nilikupa hela ya ndoo tatu. Ndoo moja ilikuwa ukutani. Mbili ziko wapi?"

Fundi akatazama juu. Juu hakukuwa na saruji.

Akatazama miti. Akatazama kofia yake. Akakohoa.

Tumpe hakungoja kikohozi kiishe. Alivuka ua mpaka nyumbani kwa baba mdogo, hapo jirani. Madoa akamfuata.

Juzi, mlangoni kwa Fundi Ambakisye kulikuwa na matope. Leo kulikuwa na kidaraja kipya cha saruji. Cha kijivu. Laini. Kimenyooka!

"Hongera," alisema Tumpe. "Kidaraja kizuri. Mvua haikukigusa. Maajabu."

"Si maajabu," alisema fundi, akasahau kabisa anaongea na nani. "Hapa nilikoroga vizuri. Halafu nikafunika na majani ya mgo..."

Akajiziba mdomo kwa kofia.

Madoa akapanda kwenye kidaraja. Akatembea juu yake polepole, kama anayekagua. Kisha akakiachia kinyesi kidogo, papo hapo katikati.

"Na ndoo ya tatu?" aliuliza Tumpe.

"Iko nyuma ya mlango," alisema fundi. "Nilikuwa nakuwekea."

Aliiweka mbali kweli, isije ikapata baridi.

Basi kazi ikaanza upya. Safari hii fundi alichimba, na Tumpe alisimama na kuangalia. Kuangalia nako ni kazi, tena ngumu ukiwa na fundi kama huyu.

Wakachimba mtaro. Wakapanga mawe. Mawe makubwa kwanza, madogo yakaziba nafasi. Gu! Gu! Gu!

Wakapima mchanga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Fundi akanyanyua ndoo ya tano.

"Samahani, baba mdogo," alisema Tumpe.

Fundi akaishusha ndoo ya tano.

Wakamimina saruji, wakachanganya mpaka yote ikawa rangi moja. Wakatia maji. Chwa, chwa, chwa. Wakalowesha matofali, maana tofali kavu lina kiu, linanyonya maji ya saruji yote.

Wakajenga. Tofali, saruji, tofali, saruji. Kwa kila mstari wakaweka pima maji. Povu la hewa ndani yake likikaa katikati, ukuta umenyooka. Likikimbia pembeni, fundi anarudia.

Lilikimbia mara saba.

"Fundi hakosei!" alisema Fundi Ambakisye.

Ko! alisema Madoa.

Jioni wakafunika ukuta kwa majani ya mgomba, mapana, ya kijani. Usiku mvua ikanyesha. Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa! Tumpe alilala huku amejishika masikio.

Asubuhi ya Alhamisi alikimbia nje. Akainua jani moja. Ukuta ulikuwa umesimama!

Alhamisi akaumwagilia maji taratibu. Ijumaa akaumwagilia tena. Baba mdogo alikuja kuutazama, akaupapasa, akasema anaufahamu ukuta mzuri akiuona. Hakuna aliyembishia.

Jumamosi wakaleta mbao. Mbao zikashika bati, na misumari ikashika vyote viwili. Ka! Ka! Ka!

Msumari mmoja ulikutana na kidole gumba cha fundi. Kelele ilisikika mpaka sokoni.

Mlango wakauweka wa mbao, wenye wavu wa waya. Upepo unaingia. Kicheche mla kuku haingii.

Jua likashuka. Mama akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Akausukuma ukuta kwa mkono. Ukuta kimya.

Akausukuma kwa kiuno. Ukuta kimya.

Mama yake Tumpe ana kiuno cha maana. Ukuta uliopita mtihani huo umefaulu.

"Haya," alisema mama. "Kuku haendi sokoni."

Tumpe akaruka. Akaruka tena. Madoa akaingia nyumbani kwake. Akageuka mara moja, mara mbili, akajikunja kwenye majani makavu, akafumba macho.

Kooo... ko... ko...

Mvua ikaanza juu ya bati. Ndani hakuna hata tone.

"Umeona?" alisema Fundi Ambakisye, akapanguza mikono. "Fundi hakosei! Haya, mwanangu, tumemalizana. Kanawe miguu ukalale."

"Bado," alisema Tumpe.

"Bado nini tena?"

"Ndoo moja iko kwenye ukuta wa Madoa. Hiyo sawa. Ndoo moja uliichanganya vibaya, ikaenda na mvua. Ndoo moja unaikanyaga ukitoka na ukiingia. Ndoo mbili, kila moja elfu nne."

"Lakini si mimi ni baba yako mdogo?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na kidole changu je? Kimevimba!"

"Pole sana, baba mdogo."

Tumpe akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Elfu nane yangu."