Mikwaruzo Nyuma ya Plaque

Siku ya soko, parking ya magari ya kwenda Beni ilikuwa inachemka. Wapakiaji walifokeana, pikipiki zilipenya, vumbi jekundu la Butembo lilifika hadi kwenye meno. Katikati ya kelele zote hizo Muyisa alisikia kitu kimoja tu: tak-tak-tak ya plaque ya namba iliyolegea, nyuma ya gari jeusi lililokuwa likirudi kinyumenyume. Alikuwa fundi wa rangi, kijana mwenye kujivunia kazi ya mikono yake. Akapiga mlango wa nyuma kwa kiganja.

"Dada, simama! Plaque yako inakula gari."

Dereva akashuka. Liputa, kitenge cha buluu chenye maua ya njano, kitambaa cheusi kichwani, uso usiotafuta urafiki.

"Inakula na meno gani?"

"Na hii cadre ya plastique inayoishika. Barabara inaitikisa, muchanga unaingia ndani, inasugua rangi kama musasa. Kisha kutu."

Akafungua kwa bisibisi vis mbili zilizoishika. Nyuma ya plaque, kwenye rangi ya mlango, palikuwa na mikwaruzo: mifupi mingi ya kutikisika, na mitatu mirefu, iliyopinda.

"Hizi napaka leo leo, zinapotea."

"Hapana." Akamzuia mkono. "Hizo acha. Zuia tu zisiongezeke."

"Mais dada—"

"Nimesema acha."

Muyisa akaosha mchanga, akakausha, akabandika nyuma ya plaque vipande vya mpira wa tairi la ndani, akaweka viduara vya mpira chini ya vis, akakaza bila kutumia nguvu. Akaitikisa. Kimya.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo kazi yangu. Miye Muyisa."

"Nani alikuuliza jina?" Ndipo akatabasamu. "Katungu. Wa Bungulu, kule Beni."

Simu zikaanza. Katungu alikuwa akinunua kakao Oicha, kwenye barabara ya waasi wanaoua watu, na Muyisa hakuwa akila mchana kabla ya kusikia kwamba amefika salama.

"Katungu wa moyo, sauti yako ni mvua, ukinyamaza siku moja, kifua kinaungua."

"Eh, fundi! Mashairi yako nayo yanahitaji musasa."

"Yanakwaruza wapi?"

"Hapa kwa moyo," alisema, na hakuna aliyecheka.

Wakakubaliana Muyisa aende Bungulu na wajomba zake kujitambulisha. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Katungu alikuja Butembo kwa biashara, akamwachia gari kwenye karakana yake karibu na Rughenda. Muyisa akautazama ule mlango wa nyuma. Mchumba wa fundi wa rangi apokee wageni na gari lenye makovu? Vidole vyake vilijua kwamba mikwaruzo ile mirefu ilikuwa ya kisu, si ya plaque. Hakujiuliza kisu cha nani. Akasugua, akaziba, akapaka, akang'arisha, akafunga plaque juu ya mipira yake.

Katungu alirudi saa tisa na mizigo. Muyisa akaifungua tena plaque mbele yake, kifua mbele.

"Angalia, chérie! Ngozi ya mutoto muchanga."

Katungu akapitisha mkono. Laini. Mizigo ikaanguka.

"Ziko wapi?"

"Zimeisha! Surprise."

"Nilikuambia nini, Muyisa?"

"Nilifikiri unaona haya kunisumbua..."

"Kaka yangu Onésime ndiye alifunga hii plaque. Hakukuwa na tournevis ya kukaza vis, akatumia kisu, kikateleza mara tatu, tukacheka mpaka machozi. Kesho yake akaenda shambani Oicha. Hakurudi, miaka miwili sasa. Hatukuona mwili, hatukuona hata shati. Alama ya mukono yake ilibaki hapa tu."

"Juu ya nini ulificha? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia acha! Neno hilo halikukutosha?"

Katungu akaondoka na gari lake. Siku tisa simu iliita bila kupokelewa, na siku ya kujitambulisha ikapita. Siku ya kumi Muyisa akavaa shati jeupe, akapanda gari la Beni, peke yake, bila wajomba.

Alimkuta Katungu uani, kando ya gari. Katungu hakumsalimia. Aliingia jikoni, akarudi na kisu.

"Wewe fundi. Unazikumbuka. Zirudishe."

Muyisa aliikumbuka yote mitatu, urefu wake na kupinda kwake. Akapiga goti, akaweka ncha kwenye rangi. Akashusha kisu.

"Siwezi. Nitakuchorea uongo. Itakuwa mukono yangu, na kila siku utatafuta yake ndani."

"Basi nabaki na nini?"

"Sijui, Katungu. Nimekosa. Nimekosa sana."

Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Katungu akalia kwa sauti, kilio cha miaka miwili, mpaka mama yake, Mama Masika, akatoka nje. Miaka miwili mama alitaka kumfanyia mwanawe matanga. Miaka miwili Katungu alikataa, akisema asiyeonekana hajafa.

"Mama," alisema sasa, "hakuna tena cha kungojea. Ita watu. Tumulilie Onésime."

Mama akamgeukia Muyisa. "Unaelewa, mutoto wangu? Kilio kikifunguka kwa nyumba hii, ndoa inangoja mwaka muzima. Na mwaka, kwetu huku, ni murefu."

"Ninaelewa, mama."

"Utangoja?" Katungu aliuliza bila kumtazama.

"Nitangoja."

"Usiniahidi kitu leo."

Muyisa akakunja mikono ya shati lake la uchumba. Akaenda kwa jirani kuazima viti, akavipanga uani kimoja baada ya kingine, mpaka wanawake wa kwanza wakaingia getini, mikono kichwani.